Darubini ya Mtani

Kwenye arobaini ya Kondo walinipa kiti cha mbele, pale mlangoni mwa gereji, na mwenye akili alijua sikupewa kwa heshima. Mtani hukaa mbele ili avuruge. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, Kondo alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, na tangu babu zetu walipokuwa wakishusha mizigo pwani watu wetu hutaniana mpaka kwenye jeneza. Akifa Mzaramo naruhusiwa kumcheka, na naruhusiwa kuchukua kitu chake nikakishikilia mpaka wafiwa wakikomboe kwa kuku au kwa sahani ya chakula. Huku Texas watoto hawayajui haya. Niliposimama mbele ya watu nikasema, "Huyu mvivu kafa ili akwepe zamu ya Jumatatu," binti yake wa mwisho, yule wa sekondari, alinitolea macho, akamnong'oneza mama yake, "Mom, why is he being mean?" yaani mbona nina roho mbaya. Mama Zuhura, mjane mwenyewe, akacheka, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza siku ile. "Mwache, mwanangu. Huyo ni mtani, yuko kazini." Kisha akanigeukia. "Haya, Mnyamwezi. Unachukua nini?"

Nilitakiwa nichukue kofia, au bakora, kitu cha kuchekesha. Mdomo ukanitangulia. Nikasema, "Darubini." Wengi hawakuelewa, wakadhani nataka kwenda kutazama mwezi. Mama Zuhura alielewa. Aliingia ndani, akakaa huko muda, akatoka na sanduku jeusi la plastiki lenye vibanio viwili. Akaniwekea mapajani, juu ya sahani yangu ya pilau kabisa, akasema taratibu, "Nilijua ipo siku utaiomba." Nikaendesha kurudi kwangu Mesquite na sanduku lile kwenye kiti cha abiria, na kila taa nyekundu nalitupia jicho kama mtu aliyebeba mke wa mwenzake.

Wanasema ujana ni moshi. Wangu ulinirudia nikiwa na miaka arobaini na mitatu, na ulirudi na ubaya wake wote. Ulidumu mwaka mmoja tu. Sitaeleza nilikotoka wala nilivyofika, kila mtu hapa ana hadithi yake ya uwanja wa ndege na koti alilopewa na kanisa. Nilikuwa naendesha foklifti kwenye ghala, nina mgongo mbovu na darasa la nne langu, Kiingereza changu kinaishia kwenye maboksi. Lakini kitu kimoja nilikuwa nacho ambacho wenzangu hawakuwa nacho. Kule nyumbani nilipitia mgambo, na kwenye shabaha nilikuwa wa kwanza, mkufunzi alinipa soda mbele ya watu wote. Ile soda nimeinywa miaka ishirini. Kwa hiyo Mzungu mmoja wa ghalani aliponipeleka uwanja wa shabaha ulio kusini mwa Mansfield, nikalala chini na bunduki yake nikagonga bamba la chuma mara tatu mfululizo, nilijiona nimerudishiwa jina langu. Mwezi uliofuata nikanunua yangu. Na mimi ndiye, nisikilizeni vizuri, mimi mwenyewe kwa mdomo wangu, niliyemwambia Kondo, "Mzaramo, njoo Jumamosi uone wanaume wanavyocheza."

Kondo alikuwa hajawahi kushika bunduki. Alifanya kazi maabara ya hospitali, kutwa anatazama damu za watu kwenye vioo, mwembamba, miwani, mkono laini kama wa mpiga kinanda. Siku ya kwanza alivaa viatu vya ofisini. Nikamcheka sana. Akaniambia, "Babu yako alibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo. Nawe bebabeba hiyo bunduki, mimi natazama." Alitazama hivyo wiki tatu, na daftari dogo mkononi, anaandika. Joto, upepo, umbali, mtu kapiga wapi. Wiki ya nne akaomba bunduki yangu, akalala chini, akagonga. Nilifurahi. Nakumbuka vizuri kwamba siku ile nilifurahi, na ilikuwa mara ya mwisho.

Ngoja niwaeleze banda la pale uwanjani, maana nikifumba macho bado nanusa kahawa yake. Mwenye uwanja alikuwa mzee mmoja, Russ, mrefu, mwenye tabia ya kutafuna mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye kopo. Banda lake la mabati lilikuwa na meza ndefu, jiko la kuni la chuma, birika lisiloisha, na ukutani ubao wenye majina ya waliogonga bamba la yadi elfu moja. Wanaume walikaa pale wakilinganisha silaha zao, karibu zote za mtindo wa kijeshi, nyeusi, kama familia moja ya kunguru. Huyu anasema mtutu mzito hautetemeki, yule anasema mzito utabebwa na nani. Huyu anasifu kitako kinachorefushwa kwa kidole, yule anasema babu yake aliua paa kwa kitako cha mti na hakurefusha kitu. Lakini ikifika kwenye darubini zile zinazokaa juu ya bunduki, hapo sauti zinapanda. Kioo cha Kijerumani, kioo cha Kijapani, hiki kinaingiza mwanga, hiki kinameza. Niliwahi kusikia ubishi kama ule mahali pengine pamoja tu, kwa akina mama wanaokagua kitenge, wanakikunja, wanakinusa, "hiki wax halisi, hiki cha kukudanganya." Mimi nilikuwa nasikiliza nusu na kubuni nusu. Kondo alikuwa ananitafsiria, na hapo ndipo mchwa alipoingia. Russ anasema maneno mengi, watu wanacheka, Kondo anacheka, halafu mimi napewa sentensi moja. "Anasema upepo wa leo ni wa kinafiki." Basi? Dakika tano zote zile ni upepo tu?

Siku moja nilisikia jina langu humo ndani ya Kiingereza chao, Maganga, Russ akilivuta kama ulimbo, na Kondo akaitikia kwa kichwa. Nikamuuliza kwenye gari, "Alisema nini juu yangu?" Kondo akasema, "Alisema wewe una jicho na mimi nina daftari." Nilijua ananificha kitu. Mtu mwenye wivu hata akisifiwa hudai tafsiri ya pili.

Darubini yangu ilikuwa ya bei ya chini, na ilikuwa na kichaa chake. Alama za ndani ya kioo zilihesabu kwa kipimo kimoja, na kifundo cha juu, kile unachozungusha kupandisha au kushusha risasi, kilihesabu kwa kipimo kingine, kama duka lenye mizani ya ratili na mawe ya kilo. Sikulijua hilo kwa miezi mitano. Kondo naye sasa alikuwa na bunduki yake, nami nilinakili namba kutoka kwenye daftari lake kwa siri akiwa msalani, nikaziweka kwenye bunduki yangu, risasi zikaenda zinakotaka. Namba za bunduki ya mtu ni kama miwani yake, ukivaa wewe unajikwaa. Kondo ndiye aliyegundua ule ugonjwa wa vipimo viwili. Alinieleza mbele ya watu kwa upole, akachora kwenye karatasi ya kufutia mikono, na ule upole wake ndio uliniuma. Angenitukana ningepona.

Halafu akanunua ile darubini yake. Alibadilisha gari zuri kwa gari bovu ili ainunue, na nilimtania banda zima likatafsiriwa likacheka: "Mzaramo huuza bati la paa akacheze ngoma. Huyu kauza gari akanunue jicho." Akajibu, "Njoo basi ulitazamie." Nikaweka jicho. Jamani. Kule yadi elfu, mahali ambapo kwa macho matupu huoni kitu ila nyasi na joto, niliona bolti mbili zinazoshika bamba, na kutu inavyotiririka chini ya bolti ya kushoto. Niliyaona mazigazi yakitiririka kama maji kuelekea kulia, na pale pale nikaelewa kwamba huu ndio upepo wanaousoma. Niliinua kichwa nikasema, "Si mbaya." Usiku wa kuamkia kazini, mchana kazini, juu ya foklifti, naiona ile kutu. Nimewahi kutamani vitu vya watu, shamba, redio, mwanamke mmoja wa Urambo, lakini sijawahi kutamani kitu kama nilivyotamani kile kioo. Na haikuwa kioo tu. Nilitaka iwe mimi ndiye Russ anayemsogezea kiti. Mimi ndiye niliyefika kwanza.

Mwezi wa kumi Russ akatangaza. Kutakuwa na mashindano Houston, timu za watu wawili, mmoja anapiga na mwenzake analala pembeni anamsomea upepo. Uwanja wetu utatupeleka mimi na Kondo. Nani apige na nani asome? Tutashindana Jumamosi, risasi tano tano, yadi elfu, mwenye kugonga zaidi ndiye mpigaji. Asubuhi nilipiga mimi kwanza nikagonga mbili kati ya tano. Kondo alikuwa apige baada ya chakula cha mchana, na kila mtu bandani alijua atagonga nne. Hata birika lilijua.

Kwenye uwanja wa shabaha ipo sheria moja kubwa kuliko zote. Watu wakishasimamisha kupiga, hakuna anayegusa bunduki, iwe yake au ya mwenzake. Zinalala kwenye meza zimefunguliwa, na kizibo cha rangi ya chungwa kwenye chemba ya risasi ili kila mtu aone hazina kitu. Wenzangu walikuwa bandani wakila. Kondo alikuwa nyuma ya banda, ametandika mkeka wake, anaswali adhuhuri. Nilisema nafuata kofia. Nilifika kwenye meza yake, na kutoka pale niliona unyayo wa soksi zake, maana alikuwa kwenye sijda. Nikaweka vidole kwenye kifundo cha darubini yake. Tik. Kinazunguka kitamu, kama saa ya tajiri. Nikahesabu mpaka nane, kwenda juu. Sijui kwa nini nane. Nadhani kwenye nane ndipo alipoinuka kutoka sijda.

Akarudi, akalala chini, akaweka miwani sawa. Kondo alikuwa na desturi kabla ya kupiga. Angekipeleka kifundo mwisho wa chini, halafu akipandishe tena taratibu akihesabu kwa midomo bila sauti, kama anavuta tasbihi. Siku ile niliona midomo yake inacheza, mkono umefika kwenye kifundo, umekaa hapo. Halafu umeondoka. Akapiga. Kule nyuma ya bamba, kwenye kilima cha udongo, vumbi likaruka juu ya bamba. Russ akiwa kwenye kioo chake kikubwa akasema juu. Hata mimi nilikielewa hicho Kiingereza. Kondo akaitikia kwa kichwa. Akapiga ya pili, vumbi likatoka pale pale. Russ akasema tena juu, mara hii kwa sauti ya mtu anayemwambia dereva kwamba anaendesha na breki ya mkono. Kondo akaitikia kwa kichwa. Tatu, nne, tano. Risasi tano, vumbi moja. Nilifikiri amechanganyikiwa kwa hofu, na moyoni nikasema, kumbe na wewe ni mtu. Russ aliacha kutafuna. Alitazama kile kilima, akamtazama Kondo, akanitazama mimi kwa muda ambao sikuupenda, akatema ganda. Kisha akaandika jina langu kama mpigaji.

Tulikwenda Houston kwa gari lile bovu la Kondo, tukalala mtaa wa Alief kwa Baba Furaha, Mkongomani wa Uvira aliyewahi kufanya kazi nami ghalani. Mke wake alipika sombe, kisamvu chao, na samaki wakavu, tukala kwenye sahani moja kubwa katikati, runinga inaimba kwaya. Baba Furaha alikaa mbali na mizigo yetu. Akauliza, "Iko mule ndani?" Nikasema ndiyo, bunduki zimefungwa. Akatikisa kichwa. "Miye nilikimbia ile kintu na miguu, siku kumi na moja. Nyinyi munaendesha saa ine kuya kuitafuta. Ile chuma munayopiga iliwafanya nini?" Kondo alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sikuweza. Nilikuwa natafuta mlango wa kusema na sikuupata, na badala yake nikasema sombe ni tamu. Baba Furaha akaniongezea.

Asubuhi, kwenye mstari wa kupigia, Kondo akafungua begi lake, akanisogezea bunduki yake. Yake, na darubini juu yake. "Tumia hii," akasema. "Ile yako inakudanganya." Nikamwambia, "Na namba zake?" Akasema, "Namba ninazo mimi. Wewe tazama tu na uvute pale ninapokwambia." Basi nililala chini na kile kioo nilichokitamani miezi yote ile, na sikioni mwangu sauti ya Kondo, ndogo, kavu, kwa Kiswahili, katikati ya Wazungu wote wale. "Subiri. Subiri. Maji yanalegea. Shika ukingo wa kushoto. Sasa." Chuma kikalia. Kutoka mbali vile sauti hufika imechelewa, umeshakata tamaa ndipo inakuja. "Usijisifu. Subiri. Sasa." Nilipiga nne kati ya tano. Tulishika nafasi ya tatu. Watu nisiowajua walinipiga mgongo, na mwishowe wakanipa kibao cha mti chenye jina la mpigaji. Jina moja, Maganga, limechongwa vizuri bila kosa. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote za maisha yangu, na niliitumia kumwonea wivu. Jicho langu, ndiyo, lakini upepo wake, kioo chake, namba zake. Kwenye gari kurudi nilijifanya nimelala kuanzia mji wa kwanza, ili nisije kusema asante.

Baada ya hapo nilianza kuikwepa Jumamosi. Nikasema mgongo. Mgongo ulikuwa kweli, lakini si sababu. Russ alifariki, uwanja ukageuka nyumba za watu. Mimi na Kondo tuliendelea kutaniana misibani na kwenye harusi, "Mpagazi wee," "Mcheza ngoma wee," na chini ya utani wetu ile nane yangu ilikuwa imekaa kama jiwe kwenye mchele. Nilisema nitamwambia. Kila Idi nilisema nitamwambia. Halafu mwaka huu nikapigiwa simu kwamba Mzaramo wako kaanguka bafuni.

Sasa nirudi kwenye sanduku. Nililiweka mezani jikoni, asubuhi ya Jumapili, jua limeingia mpaka kwenye sufuria. Nikafungua vibanio. Darubini ilikuwa imelala kwenye sponji yake, haina hata mkwaruzo, na chini ya sponji kulikuwa na lile daftari, jalada limechoka. Kusoma kwangu ni kwa kidole, na mwandiko wake wa kuunganisha herufi ni adhabu kwangu, lakini tarakimu nazijua, nikazifuata mpaka nikaipata Jumamosi ile. Joto. Upepo. Umbali. Chini yake mstari ambao niliusoma mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza sikuamini na ya pili sikuona.

"Baada ya sala, kifundo kimekaa nane juu. Mtani kachukua. Sirudishi."

Basi alijua. Kidole chake kilipokuwa kimekaa pale juu ya kifundo alikuwa anajua, na aliamua. Pasipo msiba, alichochukua mtani hakidaiwi, ndiyo sheria yetu, na yeye pale chini, miwani usoni, alichukua wizi wangu akaugeuza utani ili mimi nisiwe mwizi. Halafu akapiga risasi tano kwa makusudi, vumbi moja, mbele ya watu waliomwamini. Ukurasa unaofuata ni Houston. "Mtani kapiga nne. Jicho." Hakuna kingine.

Nikang'oa kile kibao cha Houston ukutani, msumari ukatoka na rangi, nikaendesha mpaka kwa Kondo, Mansfield. Mama Zuhura alinifungulia akiwa na kanga ya eda, akaona sanduku, akaona kibao. Nilimweleza yote pale pale mlangoni, kabla ya kukaribishwa, la sivyo ningeomba chai nikaishia hapo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Siku ile alirudi anacheka. Nikamuuliza, umeshinda? Akasema, hapana, lakini Mnyamwezi wangu anakwenda Houston." Nikampa kibao. Akakirudisha kifuani kwangu kwa vidole viwili. "Mtani huchukua, shemeji. Haleti. Usituharibie mila." Sanduku alilipokea, akalikomboa kwa bakuli la pilau ya jana iliyofungwa kwa foili, kama inavyotakiwa. Daftari akaniachia.

Nimekaa nalo wiki ya tatu sasa. Watu hudhani mzee akigundua kwamba alisamehewa hulia kwa majuto. Nimelia, sikatai, ile pilau niliila na machozi. Lakini nimeamua kusema kweli, na kweli ni kwamba nililia kwa wivu. Nilimwibia mtu nikadhani hatimaye nimempita, kumbe hata siku ile alikuwa mbele yangu, amelala chini, anaitikia kwa kichwa. Jana nilichukua kalamu ili nirudishe nilichochukua. Chini ya mstari wake nimeandika kwa mwandiko wangu wa darasa la nne, herufi kubwa zinazoyumba: NANE CHINI. MAGANGA. Nikautazama ule mwandiko kando ya wake. Hata mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu.